Swali la Mteremko

Mimi ni mwoga tangu utotoni, na kazi yangu nilidhani inanifaa kwa sababu ni ya kukaa kitini. Nachora bustani kwenye kompyuta, katika chumba nilichopanga Lushoto mjini. Ninachopenda zaidi ni kupanga maji. Ukibonyeza mahali pa kusimamisha kinyunyizio, programu inachora duara la buluu kuonyesha maji yatafika wapi, kisha inakuwekea mstari mwekundu: cha pili kisivuke hapa, maji ya huyu lazima yafike miguuni mwa mwenzake. Lakini kabla ya kukupa nafasi hizo, inauliza kwanza ardhi yako ina mteremko gani. Hakuna, wa wastani, au mkali?

Mwenye nyumba ya wageni iliyo juu ya nyumba ya mama yangu alikuwa ameketi pembeni yangu swali hilo lilipotokea. Ni mzaliwa wa milima hii kama mimi. Tukatazamana, tukacheka. Mteremko gani tena? Bustani yake ni mahali ambapo boga likikuponyoka unaliwahi. Sisi tumelima viazi kwenye miinuko ambayo mgeni huipanda kwa mikono na magoti. Nikabonyeza "hakuna". Programu ikatupa nafasi za ardhi iliyolala, na muda mrefu wa kufungua maji, na mafundi wakachimba kama nilivyochora.

Majani yalipoanza kuota, nilienda kumsalimia mama. Nyumba yake iko chini ya bustani ile, na jiko lake la nje limeegemea ukingo wa udongo aliouchonga babu. Nilipofika kwenye masale, mimea iliyopandwa kuonyesha mpaka, kiatu kilizama. Mvua ilikuwa haijanyesha. Nikainua macho: masale yote yalikuwa yameinama kuelekea kwetu, na ukingoni, juu kidogo ya paa la jiko, maji mekundu yalikuwa yanachuruzika kwenye ufa ambamo ningeweza kuingiza mkono wangu.

Huko juu nilivisikia vile vinyunyizio vyangu, tsh, tsh, tsh, vikizunguka kwa adabu. Nikampigia simu mwenye nyumba ya wageni, nikapiga kelele badala ya kusalimia, na nashukuru hakubishana. Alifunga koki pale pale. Ile sauti ikanyamaza, lakini ufa haukunyamaza. Maji yaliyokwisha kuingia ardhini hayana koki, na vijiwe vilikuwa vinaanguka kimoja kimoja juu ya bati.

Mama alikuwa jikoni akikoroga makande.

"Mama, toka! Ukingo unakuja!"

"Unakuja kutoka wapi?" Hata hakugeuka. "Shikamoo yako iko wapi, mwanangu? Mjini ndiko mnakoingia hivyo?"

"Mama, nakuomba. Ufa huo hapo juu."

"Mahali hapa ni tambarare. Babu yako kajenga, kafa kwa uzee wake, pamekwenda wapi? Nisubiri, maharage hayajaiva."

Nilimvuta mkono, akanikwepa na mwiko. Mama yangu ni mtu mzito, na akikataa amekataa. Kijiwe kingine kikagonga bati. Nilijua kitu kimoja tu duniani ambacho kingemtoa kwenye chungu chake, nikakimbia hadi njiani, nikaita kwa sauti ya binti mwenye heshima:

"Mama! Kuna mzee amepita kukusalimia! Amesimama hapa njiani!"

Mwiko ukawekwa chini, niliusikia. Mama hajawahi kuitikia salamu ya mzee akiwa jikoni. Lakini pia hajawahi kumtokea mzee kichwa wazi, na kupitia mlangoni nilimwona akifungua kanga, akiikung'uta, akijifunga upya, akitafuta ya pili ya kujitanda. Alikunja ncha moja, hakupendezwa nayo, akaikunja tena. Nilitaka kulia. Nilisema, "Amechoka, mama, anataka kwenda."

Akatoka. Akapita kizingiti, akapita kinu, mikono akiifuta kwa kanga, uso umeshawekwa tayari kwa shikamoo. Alipofika kwangu, ukingo ulishuka. Haukuwa na kishindo nilichokitarajia. Ulikuja kama mtu anayeketi. Bati liliinama, jiko likawa udongo, na moshi wa kuni ukaendelea kutoka chini yake kwa muda mfupi, halafu ukakoma.

Mama aliangalia kule nyuma. Kisha akageuka, akaangalia njia juu na chini, na kanga yake imekaa vizuri kichwani.

"Mzee yuko wapi?"

Nilitafuta neno la kumjibu, nikapata lile ambalo sikumpa nilipofika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema, akanishika mkono, akaketi chini pale pale njiani.