Mvua ya Mawe Njia ya Amani

Najua mtanicheka, lakini nichekeni nikishamaliza. Mimi, mtu mzima na heshima zangu, nusura nimkoseshe mtoto wa kaka yangu mke kwa sababu ya mvua.

Tulikuwa tunapeleka posa Amani, kule milimani juu ya Muheza, kwa Zaina, binti ambaye Salimu wetu alimpenda mpaka chakula kikawa hakimpiti. Mshenga mimi (nilijipendekeza mwenyewe, hakuna aliyenituma), na kaka Bakari, baba yake Salimu, kakaa mbele na dereva. Vuli ndiyo kwanza inaanza. Tumeshaipita Muheza, tunaanza kupanda mlima, simu ikalia, mjomba wake Zaina huyo, anasema mbio mbio: "Shangazi, msipande kwanza! Huku kuna mvua ya mawe, watu wapo barabarani na majembe wanawangojea nyie!" Ikakatika.

Sasa mimi nimezaliwa Ngamiani, Tanga mjini, na kwetu Ngamiani mvua ya mawe humnyeshea mwizi. Mawe, majembe, tena wanatungojea sisi! "Dereva, geuza gari!"

Kaka Bakari akasema, "Mpigie umuulize vizuri." Nimuulize nini, aniambie mawe yana ukubwa gani? Hapo ningenyamaza yangeisha, lakini mdomo ukaniwasha, nikashika simu nikarekodi sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la posa: "Jamani, wametuwekea watu wa mawe na majembe njiani, hawana ustaarabu hata chembe! Binti yao wabaki naye, wamtie achari!"

Haukupita muda Salimu akapiga. "Shangazi, umefanya nini? Mama yake Zaina yumo humo!" (Kweli, tuliwaunga jana yake ili tuelekezane njia.) Nikakimbilia kufuta, vidole vinagongana, kumbe nimefuta kwangu peke yangu, kwa wenzangu ipo vilevile, na wameshaisikiliza.

Kaka Bakari hakunigombeza, alimwambia dereva tu, "Panda." Nilitamani anigombeze.

Tulipofika kwenye mashamba ya chai, lahaula! Barabara nyeupe. Punje za barafu zimetanda, utadhani mtu kamwaga magunia ya chumvi, pikipiki imelala ubavu, lori limekaa kombo halipandi wala halishuki. Na hao watu wa majembe ni ndugu zake Zaina, wamelowa chapachapa, wanakwangua barafu na tope ili gari letu lipite.

Mjomba mtu akaja dirishani, mpole kabisa. "Shikamoo shangazi. Mawe yenyewe ndiyo haya." Akanitilia punje moja kiganjani. Nilisema marahaba kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa.

Nyumbani kwao niliomba radhi mpaka nikakaukiwa mate. Mama yake Zaina alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini, akamgeukia kaka Bakari badala yangu.

"Posa tumeipokea. Kijana hana kosa. Ila siku ya mahari, mje na mshenga mwingine."

Iliniuma, siwafichi. Harusi ilifana, Salimu wangu kaoa, nami nikapangiwa kuchambua mchele uani, simu nikaambiwa niiache nyumbani. Tangu hapo mtu akinipigia kunipa habari, namwambia rudia, kisha rudia tena, na ushenga nimeuacha, hata mniletee kwa ngoma na tarumbeta.