Wimbo wa Aliyesimama Kivulini

Wiki iliyopita, rafiki yangu, nilikuwa mjini Sultan Hamud kwa fundi wa simu, nangoja kioo kibadilishwe, nikamsikia nyanya yangu akiimba. Nyanya tulimzika kwetu Kibwezi zamani. Fundi alikuwa akitazama video kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, na katika moja alisimama mzee wa Kizungu mbele ya kipaza sauti, ua la chama cha siasa kifuani. Nyuma yake ndiyo ile sauti, yenye kukwaruza kidogo, inayopanda kama ya mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto.

"Rudisha hapo," nikasema.

"Buda, kwani umeona mzimu?"

Nikainamia simu yake. Mzee nilikuwa nimemtambua pia. Amenenepa, lakini mikono bado iko kiunoni.

Sisi tulimwita Mkurugenzi, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Ukimwita Mwingereza alinuna. Yeye alikuwa Mskoti, na Waskoti, alisema, wanajua kuonewa. Kwao alikuwa mkubwa wa redio. Alikuja Kibwezi akatuahidi redio yetu wenyewe: yeye alete mlingoti na mitambo, sisi tujenge nyumba.

Tulijenga kwa mwethya. Huo ni umoja wa wanawake wa Ukambani, leo wanachimba matuta kwa huyu, kesho wanamjengea yule, na kazi yote huenda kwa wimbo. Walijipanga kutoka mtoni hadi kiwanjani wakipokezana mawe. Sisi watoto tulifukua mchanga wa mto mkavu mpaka maji yajitokeze, tukayateka kwa kibuyu taratibu, tukapanda nayo juu kwa madumu. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, uliokuwa ukichemka na mbaazi ulinukia kiwanja kizima. Mpaka leo, nikipita mahali wanapopika mbaazi, mabega yananiuma.

Nyanya ndiye aliyetoa wimbo. Na wimbo wa mwethya una desturi yake. Akionekana mtu amesimama tu wenzake wakifanya kazi, mwimbishaji humtia ndani ya wimbo, amseme apendavyo. Aliyesemwa hakasiriki. Hucheka, hutoka alipo, hubeba, na hapo ndipo wimbo hufungwa kwa kumshukuru. Asipobeba, wimbo haufungwi. Unabaki wazi, juu yake.

Mkurugenzi alikuwa chini ya mgunga, mikono kiunoni, akitupiga picha. Nyanya akamwona. Akaimba kwa Kikamba:

*Wewe uliyesimama kivulini,*
*mawe haya hayana miguu.*
*Tumbo lako limetangulia kufika kwenye chungu,*
*mikono yako itafika lini?*

Wanawake wakaitikia huku wakijishika mbavu. Mkurugenzi akamuuliza mwalimu wetu wanasema nini. Mwalimu, aliyekuwa na hamu ya kuwa mtangazaji, akasema, "Wanakushukuru, bwana." Basi yule mtu akaanza kupiga makofi! Akacheza palepale kivulini, akiinua goti moja moja.

"Mwacheni acheze," nyanya akasema. "Siku atakayouliza vizuri, atabeba."

Hakuuliza. Mitambo ilipofika alimrekodi nyanya wimbo mzima, na kila alfajiri ndio uliofungua redio. Hebu fikiria: kuanzia kwetu mpaka Kiboko, watu wanakoroga uji huku mwenye redio akitukanwa tumbo kwenye redio yake mwenyewe, naye anapita sokoni akiuimba kwa mluzi. Tulimpigia vigelegele. Alitupungia mkono.

Ubeti wa pili ulikuwa wetu, watoto wa maji. Ndani yake nyanya alitutaja mmoja mmoja na kumpa kila mtu neno lake. Nami nilitajwa. Kila alfajiri nilisubiri jina langu nikiwa bado chini ya blanketi, na likishapita ndipo niliamka.

Halafu siku moja Mkurugenzi akateremsha mlingoti. Kwao chama kimoja kilikuwa kikitafuta mgombea, na mtu aliyewapa Waafrika sauti alifaa sana kwenye bango. Alipakia mitambo, akapakia na kanda zote. Nyanya alitembea hadi kwenye gari lake, vumbi la shamba miguuni, akasema kupitia kwa mwalimu, "Vingine chukua. Sauti yangu niachie."

Mkurugenzi alitabasamu. Kanda ni mali ya redio, alijibu. Redio ipi? Tulibaki na kuta nne na mbuzi wakilala ndani.

Nyanya hakuimba tena kwenye mwethya. Alisema hawezi kuanza wimbo mwingine wakati ule haujafungwa. Alikufa hivyo. Mimi shule ilinishinda mapema, nikashika barabara, na Kiingereza changu nimekiokota kwenye malori, lakini kinatosha kuelewa alichosema mzee kwenye ile simu. Alisema aliijenga nyumba ile kwa mikono yake. Alisema, sikilizeni wanawake wale wanavyonisifu. Ukumbi ukapiga makofi. Ubeti wa kwanza ukaisha, nyanya akavuta pumzi, nikamsikia akiivuta, na mbwa huyu akapunguza sauti ili aendelee kuongea.

Fundi alinirudishia mara nyingi. Kila mara inakatwa kwenye pumzi ile, na maneno yanayofuata mimi mwenyewe nimeyapoteza.

Kesho yake nilishuka Kibwezi. Kuta bado zipo, ndani kunauzwa simenti. Nilimtafuta jirani yetu wa zamani, aliyekuwa akisimama pembeni ya nyanya kwenye ule mstari. Haoni vizuri siku hizi. Nilianza kuimba, naye akaitikia kabla sijamaliza mstari, akicheka, mikono ikipokea mawe yasiyokuwepo. Tukafika mwisho wa ubeti. Akavuta pumzi. Mikono ikasimama hewani.

"Mjukuu wangu," akasema, "hapa ndipo wimbo uliponitoka. Kwani yule mtu alikuja akabeba?"

"Bado, susu," nikasema, kama nilivyozoea kumwita nyanya.

Alitikisa kichwa, akaishusha mikono mapajani. Ubeti wa pili uko Uskoti, kwa mtu asiyejua hata neno moja la Kikamba, na jina langu limo ndani yake.