Fundi Cherehani Anayefumua Kiingereza

Saa mbili asubuhi, mlango wa kibanda umefunguliwa nusu, na mvuke wa pasi unatoka nje kabla mwenyewe hajaonekana. Ndani, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Bitana ameinamia koti kuukuu. Wembe unapita kwenye mshono, nyuzi zinakatika moja moja, na midomo yake inacheza.

Hasali. Ananong'ona neno la Kiingereza.

"Pretext," anatamka, kisha analikata palepale. "Pre, mbele. Text, kufuma. Kitu kimefumwa kikawekwa mbele kufunika cha nyuma. Yaani kisingizio!"

Kijana anachungulia mlangoni. "Shangazi, suruali yangu tayari?"

"Bado, mwanangu. Jana umeme ulikatika."

"Hiyo sasa si ndiyo pretext?"

Mama Bitana anacheka mpaka anaweka wembe chini. Amekamatwa kwa silaha yake mwenyewe.

Ana miaka arobaini na mmoja. Shule aliiacha kidato cha pili, mama yake alipougua, akakalia cherehani na hajainuka tangu hapo. Mwaka juzi, mkuu wa chuo cha ushonaji jirani aliona kazi yake, akamtaka awe mwalimu. Kikwazo kimoja tu: vitabu vya chuo ni vya Kiingereza, kwa hiyo lazima afaulu mtihani wa Kiingereza wa watu wazima.

Ameanguka mara mbili.

"Mara ya kwanza nilikuwa nameza maneno kama vidonge," anasema. "Asubuhi nimemeza, jioni sina hata moja tumboni."

Aliyemzindua ni mwalimu mstaafu aliyeleta koti lipunguzwe. Alishangaa kuona linafumuliwa lote. Mama Bitana akamweleza kwamba hawezi kupunguza nguo asiyojua ilivyoshonwa.

"Basi na maneno yafanyie hivyohivyo," mwalimu akamwambia. Maneno mengi magumu ya Kiingereza, alieleza, yametoka Kilatini na Kigiriki, na yamekuja na mishono yake. "Manuscript" ni mkono na kuandika. "Textile" na "context" zote zimezaliwa kwenye kufuma.

"Kufuma!" Mama Bitana anapiga paja. "Kumbe siku zote walikuwa wananisema mimi."

Nyumbani, mumewe, fundi baiskeli, ndiye aliyeionja joto ya jiwe. "Nimeomba chumvi," analalamika, "naambiwa kwa Kiingereza chumvi na mshahara, salt na salary, ni ndugu wa damu. Nikamwambia, mke wangu, mboga inapoa."

Utamu huo ndio uliomponza. Kwenye mtihani wa pili alilifumua kila neno la habari ya kusoma, hata yale aliyoyajua tangu utoto. Kengele ikalia, ukurasa wa insha una kichwa cha habari peke yake.

Mwalimu hakumbembeleza. "Mteja akuletee koti, umrudishie mikono kando na kola kando, atakulipa?"

"Atanipiga."

"Mtihani nao umekupiga."

Safari hii mambo ni mazito. Mkuu wa chuo amemwambia wazi: "Dada, nafasi nimekushikia mpaka mtihani huu. Ukipita, njoo na tepu yako ya kupimia. Usipopita, nitampa mwingine. Wanafunzi hawasubiri."

Kwa hiyo amejiwekea sheria mpya: anafumua neno lile tu ambalo bila hilo sentensi haisimami. Mengine anayapita, anaendelea kushona.

Ijumaa, barazani kwa mwalimu, anaandika insha ya mwisho ya mazoezi. Kwenye swali kuna neno refu asilolijua. Midomo inaanza kucheza. Mwalimu anakohoa. Mama Bitana anaibana midomo, anasoma sentensi nzima, anaona inasimama bila neno lile, anaandika mpaka ukurasa unajaa.

Kalamu nyekundu inashuka mstari kwa mstari.

"Kuna makosa," mwalimu anasema.

"Mengi, Mwalimu?"

"Ya kutosha kunipa kazi. Lakini umemaliza, na nimekuelewa kuanzia juu mpaka chini."

Mtihani ni Jumatatu. Somo lake la kwanza chuoni Mama Bitana ameshalipanga: wanafunzi watashika nguo kwanza, vitabu baadaye, na kila kipande watakitaja kwa Kiingereza na kueleza jina lake lilitoka wapi. "Nisisikie mtu amemeza kitu darasani kwangu," anaonya, kama vile wameshakaa mbele yake.

Na akianguka tena?

Anatunga uzi kwenye sindano bila kuinua macho. "Hilo waulize wanaoogopa kuanguka. Mimi na sakafu tunajuana, tumesalimiana mara mbili. Jumatatu naipita tu, sina cha kuiambia."