Kocha Aliyetembea Pembeni mwa Uwanja

Nakumbuka Jumamosi moja pale Highview, mtaa wa Louisville, Marekani, mwanangu, tulipomwona kocha wetu akitembea peke yake kwenye mstari wa pembeni, ameinama, akiokota kitu na kukitia mfukoni huku midomo ikimchezacheza. Sisi wachezaji tulikuwa tumeshikana mikono katikati ya uwanja, tukiomba kabla ya mechi. Mimi nilifumbua jicho moja. Siku zote nimekuwa mtu wa kufumbua jicho moja kwenye maombi, na mke wangu hadi leo ananisema.

Kocha huyo aliitwa Senad, Mbosnia. Kwao alikuwa winga wa mbio, mpaka goti lilipomkatalia. Akageuka kocha wa timu ndogo, kisha akahamia Louisville, ambako Wabosnia wenzake ni wengi. Mchana alifanya kazi ghalani, jioni alitufundisha sisi vijana tuliotoka Kivu, Kongo, bila malipo, na hapo ndipo shaka ilipoanzia. Wabosnia walikuwa na timu yao, yenye jezi safi na kila kitu. Kwa nini aje kwetu? Na kwa nini akomae na mimi, winga wa kulia, kuliko wengine wote?

Wewe umekulia huku, labda hujui. Kule kwetu kuna timu huzika dawa uwanjani, golini au kwenye kona, na anayezika hutembea hivyohivyo, ameinama, anasema peke yake. Tulikuwa watu wa kanisa, lakini habari hizo tulizijua vizuri kuliko Zaburi.

Basi tukaenda kucheza Columbus. Kocha akatembea mstari wake kama kawaida, na kabla ya mapumziko nikateguka kifundo cha mguu, upande uleule aliopita. Siku zilizofuata nilichechemea, na ningeweza kuapa kwamba yeye goti lake limepata nafuu. Pascal, golikipa wetu, hakuwa na shaka hata kidogo.

"Bon, iko wazi," akasema. "Ule muzee iko anatafuta mguu ya kubadirisha. Anakula ya kwako."

Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kweli, na hofu ilipoisha ikabaki hasira. Tukakubaliana kwamba tukifika Buffalo kwa mashindano, hakuna atakayevaa jezi mpaka Senad aondoke, na watu wote wa kanisa waambiwe kwa nini.

Aliyetuendesha kwenda Buffalo alikuwa Mama Neema, mmoja wa wazee wa kanisa letu, mwanamke wa maneno machache. Njia nzima alitusikia tukipanga, wala hakugeuza shingo. Tulipofika Riverside, mtaa wa Buffalo wenye uwanja wa mashindano, kocha alikuwa ametutangulia kwa gari lake na tayari anatembea pembeni mwa uwanja. Mama Neema akazima injini, akanitazama kwenye kioo.

"Weye mutoto, uliisha kumuuliza?"

"Hapana, Mama, lakini kila mutu anaona."

"Donc unafukuza mutu juu ya neno ambayo haujamuuliza? Kule kwetu walisema baba yangu ni mulozi. Kila mutu aliona. Hakuna mwenye alimuuliza. Walimuchoma ndani ya nyumba yake." Akafungua mlango wangu. "Shuka."

Nikashuka. Nikamuuliza Senad kwa Kiingereza kibovu, changu na chake, anatia nini mfukoni na anamsemesha nani. Hakukasirika. Alitoa vipande vya chupa, msumari wenye kutu na kokoto kadhaa, akanishikisha. Akaniambia kwamba kwao vita vilipoisha, ligi ilianza tena. Uwanja walikuwa wameusafisha mabomu ya ardhini, lakini nje ya mstari hakuna aliyeangalia. Yeye alicheza winga ya kulia. Siku moja mpira ulitoka upande wa kushoto, na winga mwenzake akaufuata, asirudi. Jina la huyo ndilo analolitaja akitembea.

"Lakini Kocha, hapa hakuna mabomu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Lakini wewe unacheza pembeni."

Nilirudi garini. Nilipowaeleza wenzangu, tukavaa jezi. Pascal naye akavaa, ila akaninong'oneza, "Na ile jina, ni ya mutu kweli?" Siku hiyo tulifungwa, tena vibaya. Senad aliendelea nasi mpaka timu kubwa zaidi ya Columbus ilipomwita awe kocha wao, na siku ya kumuaga, Mama Neema alimpikia sombe, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, sufuria nzima.

Mwanangu, sikuambii uache kushuku. Mimi mwenyewe bado nashuku, na duniani humu kuna watu wanaostahili. Ninachokuambia ni hiki: shaka yako ipeleke kwanza kwa mwenyewe, mchana, ukimtazama usoni. Ukianza kuipeleka kwa wenzako, itarudi kwako ikiwa na mashahidi ambao hawakuona kitu, na hapo mtu anaweza kufa. Mungu akupe ujasiri wa kuuliza. Na siku watu watakapokukalia kikao wewe, akuletee mmoja atakayeinuka aje kukuuliza.