Trekta la baba mbele ya mkahawa

Asubuhi hii nimemuona baba yangu akitafuta ufunguo wa trekta lisilo na injini.

Ni lile dogo la bustani, alilonunua miaka ya sabini tulipotoka Unguja kuja Ibra, huku Uarabuni. Watu walicheka, eti Mzinjibari atalima nini? Miaka ya themanini wale wale wakaja kuliazima, walimie chini ya mitende yao. Chuma kizito, lilikuwa halijui kuharibika!

Sasa kaka yangu kalitia rangi, kaliweka mbele ya mkahawa wake. Injini kaitoa, kapanda maua.

"Lawaka?" baba akamuuliza.

"Hili la kupigia picha tu, baba. Panda, tukupige."

Baba akamtazama.

"Kumbe hilo ndilo mliloniitia."

Picha ikapigwa hivyo hivyo.

Ndiyo hiyo mnayoigongea laiki tangu asubuhi, mnaandika mashallah.