Insulini Iliyoganda Mbulumbulu

Mimi na mume wangu tulifika kwao Mbulumbulu siku moja kabla ya upande wa mchumba kuleta mahari ya wifi yangu. Nina kisukari tangu utotoni, na siku hizi navaa pampu ya insulini, kifaa kidogo kama simu kinachokaa kiunoni na kunipa dawa kidogo kidogo kupitia mrija mwembamba uliochomekwa tumboni. Jioni ile nilimkabidhi mama mkwe chupa zangu mbili za insulini aniwekee kwenye friji.

Asubuhi nilichukua chupa moja, nikajaza pampu, nikaenda kumenya ndizi na wanawake wenzangu. Mvua ilikuwa inanyesha.

Wageni walipoanza kuteremka kwenye magari, koo lilishanikauka. Nilikuwa nakwenda chooni kila mara, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama nina mimba. Nikapima sukari: kumi na tisa, wakati haitakiwi kupita kumi. Pampu haikuwa imelia wala kuonyesha hitilafu. Nikadhani mrija umejikunja, nikauchomoa, nikachomeka mwingine na kujiongezea dozi. Nilipopima tena, sukari ilikuwa imepanda zaidi.

Mume wangu alinifuata chumbani. "Achana na hiyo pampu," alisema. "Jichome kwa sindano."

Nikajichoma dawa ya chupa ya pili, nikakaa kitandani kusubiri. Sebuleni mshenga alikuwa anataniana na wazee, watu wanacheka. Nilipopima tena, kipimo hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita uwezo wake wa kusoma. Nikaanza kutapika.

Hapo nikaelewa kwamba pampu haikuwa na kosa. Nikaomba mama mkwe aitwe.

"Mama, zile chupa uliziweka wapi?"

"Kwenye friji, mwanangu."

"Sehemu gani?"

"Mwanzo chini. Halafu umeme ukawa unakatika, nikaogopa zitaharibika, nikazipandisha juu kwenye barafu. Alfajiri nikazishusha."

Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji. Maana yake tangu asubuhi nilikuwa najidunga kitu kisicho na kazi. Nilimweleza hivyo, na sikumpambia maneno. Alishika mlango, akanitazama kiunoni, akanitazama usoni.

Mume wangu alishapiga simu zahanati ya jirani. Hawakuwa na insulini. Ilibidi twende Karatu. Akachukua koti lake, lakini mama akamzuia. "Baba yako hayupo duniani, msemaji ni wewe. Baki na wageni. Nakwenda naye mimi."

"Mama, leo ni siku ya binti yako."

"Huyu naye ni nani?"

Jirani mmoja mwenye pikapu alitupakia. Nilikuwa na hasira na mama, na nilikuwa naogopa, na pumzi yangu ilikuwa imeanza kuwa nzito na ya haraka, kama ya mtu aliyepanda mlima. Kwenye mteremko mmoja gari likateleza, likaingia kwenye mtaro na kuzama tope hadi ekseli. Jirani akakanyaga mafuta, matairi yakaturushia matope tu.

Mama alishuka, akasimama katikati ya barabara na kitenge chake kipya, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya bodaboda iliyokuwa inakuja. Dereva alisimama kwa kuwa hakuwa na pa kupita.

Tulipanda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja, mimi katikati. Mama alinizungushia mikono, akanibana mgongoni kama mtoto. Nikianza kulegea ananitikisa. "Usilale. Niambie jina la mama yako. Haya, na bibi yako?" Nilimjibu kwa ulimi mzito. Huku nyuma nilimsikia anaomba kwa Kiiraqw.

Karatu hospitalini walinitundikia dripu na kunipa insulini nzima. Muuguzi aliniambia damu yangu ilishaanza kuingia asidi, na kwamba nimewahi. Mama alikaa kwenye benchi, matope yakimkaukia miguuni. Simu yake ikaita. Alikuwa mume wangu.

"Wazee wanasema mahari haipokelewi bila mama mzazi."

"Basi wasubiri," mama akajibu. "Wapeni chakula walale." Akakata.

Baadaye akanigeukia. "Nimekukosea."

"Hukujua, mama."

"Sikuuliza."

Hasira haikuwa imeisha, na yeye hakuniharakisha. Muuguzi alipopita kunipima, mama aliuliza namba, kisha akauliza kama hiyo ni nzuri. Kila muuguzi alipopita, mama aliuliza vilevile. Ikashuka hadi kumi na sita, kumi na tatu, kumi. Kwenye kumi akajifunika uso kwa khanga, akalia bila sauti. Nilimshika mkono.

Kesho yake tuliruhusiwa. Wageni walikuwa bado wapo, wanaota jua uani. Mama aliomba maji ya kunawa miguu, akaingia sebuleni, akaketi mahali pake, na mshenga akaanza upya kusema walichojia.