Barua Iliyomzika Wekesa

Siku nisiyoweza kuisahau, mwanangu, ni ile niliyomwona marehemu akishuka kwenye gari moshi pale stesheni ya Bungoma, mfuko begani, akishangaa kwa nini watu wanamkimbia. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na aliyemfanya marehemu ni mimi.

Ilikuwa wakati wa vita vya Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Nilikuwa nimesoma misheni, na kijijini kwetu hapakuwa na msichana mwingine aliyejua Kiingereza. Nilijivuna, sikufichi. Mtu akileta barua, nilikaa wima nikasoma kama askofu. Neno nisilolijua nililipita kwa sauti kubwa zaidi.

Jirani yetu Nanjala alikuwa na mume vitani, Wekesa. Alisikia kwamba majeruhi wanaletwa hospitali ya jeshi Nairobi, akaniomba niwaandikie wakubwa wa huko niwaulize jambo moja tu: kama mumewe yu hai. Mwalimu wangu aliishi karibu, angeisahihisha barua ile mara moja. Sikumpelekea. Sikutaka aone kwamba sijui.

Sasa, unaujua ulimi wetu sisi watu wa Bungoma. L na R kwetu ni mapacha. Kwa Kiingereza, "alive" ni kuwa hai, na "arrive" ni kufika. Kinywani mwangu yalikuwa neno moja. Basi nikaandika "arrive".

Majibu yalikuja yamepigwa chapa, mstari mmoja: Wekesa "has not arrived". Niliyasoma uani, mbele ya ukoo mzima. Nikawaambia hayuko hai.

Nanjala hakulia. Aliketi chini tu. Kesho yake akanyolewa nywele kama mjane. Nguo za mumewe zikagawanywa, na kabla mahindi hayajakomaa wazee walikuwa wanazungumza ni shemeji yupi atakayemrithi.

Ndipo Wekesa akashuka garini, mzima, hana hata kovu. Hospitali ile hakuwahi kuiona. Alipopata kuketi nyumbani kwake aliomba aonyeshwe barua iliyomuua, kwa maana jeshini alikuwa amejifunza Kiingereza kidogo. Akaisoma, akaniuliza niliandika neno gani. Nikalitaja, kisha nikaliandika.

"Si uliwauliza kama nimefika?" akasema polepole. "Wakakujibu ukweli, dada. Sikuwa nimefika."

Sikuwahi kufikiri kwamba alama ndogo hivyo ya wino inaweza kumtoa mtu duniani, na dunia ikakubali, ikamlilia, ikagawa mashati yake. Hadi leo nikishika kalamu mkono wangu husita kidogo.

Nilikwenda kumwomba Nanjala msamaha. Nywele zake zilikuwa ndiyo kwanza zinaota.

"Sitakulaani," akasema. "Lakini utanifundisha kusoma. Sitaki tena kuambiwa mume wangu amekufa, na karatasi ninayo mimi mkononi."

Nikamfundisha. Nilipoolewa huku Kitale, aliniandikia barua kwa Kiingereza, ya kwanza maishani mwake. Ilikuwa na makosa mengi, lakini chini ya kila neno alilolitilia shaka alikuwa amepiga mstari, ili nimsahihishe. Nilikaa na karatasi ile nikastaajabu. Mimi, niliyemtangulia darasani, sikuwahi kupiga mstari chini ya hata neno moja.

Mwanangu, wewe nawe sasa unawaandikia watu, na kukosea lugha ya watu si aibu. Mimi naikosea mpaka leo. Aibu ni kujua moyoni kwamba huna hakika, ukaandika hivyo hivyo ili usionekane mjinga. Uliza, hata kama wa kumwuliza ni mdogo kwako. Na mtu akikukabidhi barua yake, ishike kana kwamba amekupa mtoto wake umbebee.

Mungu akujalie mkono mwangalifu na moyo usioona haya kuuliza. Na wote watakaosoma maandishi yako, wapate ndani yake habari iliyo kweli.